Kikundi cha Akina Mama na Daftari Lake

Karibu kila kijiji katika nchi yetu ya Kenya kina kikundi cha akina mama. Pengine wewe mwenyewe ni mwanachama. Pengine mke wako, mama yako au dada yako ni mwanachama. Siku ya mkutano unawaona wakipita njiani na leso zao, wakienda nyumbani kwa mwenzao au chini ya mti karibu na shule. Watu wengine husema, "Hao wanakwenda kunywa chai na kupiga domo." Chai wanakunywa, ni kweli. Lakini kabla ya chai kuna kazi, na baada ya chai kuna kazi nyingine. Katika somo hili tutaitazama kazi hiyo. Kisha tutatazama kitu kidogo ambacho kikundi chote hukitegemea, nacho ni daftari.

Kama wewe ni mwanamume, usifunge kitabu. Huenda bati lililo juu ya kichwa chako lilinunuliwa kwa fedha za kikundi.

Jembe lako leo, langu kesho

Kusaidiana si jambo la jana. Wakamba walikuwa na mwethya. Wakikuyu walikuwa na ngwatio. Wajaluo walikuwa na saga. Majina ni mbalimbali lakini desturi ni moja. Leo tunalima shamba lako, kesho tunalima langu. Mwenye shamba huwapikia wenzake, na deni lake hulilipa kwa jembe.

Katika Ukambani, mwethya ulifanya kazi kubwa sana. Nchi ya Machakos ina vilima vingi, na mvua ikinyesha kwa nguvu huchukua udongo na kuupeleka mtoni. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, nao waliichukia kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya amri. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, watu wale wale waliendelea kuchimba mitaro, safari hii katika mashamba yao wenyewe na kwa hiari yao. Njia moja inayotumika sana huitwa fanya juu. Unachimba mtaro, na udongo unautupa upande wa juu wa shamba. Udongo huo hufanya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba la mteremko huwa kama ngazi. Wengi waliochimba walikuwa wanawake, kwa sababu waume zao walikuwa Nairobi na Mombasa wakifanya kazi za mshahara. Mtu akienda Machakos leo atayaona matuta hayo.

Mwethya wa zamani haukuhitaji daftari. Mtaro unaonekana. Kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja. Lakini shilingi si kama mtaro. Shilingi ikishaingia mfukoni haionekani tena. Vikundi vilipoanza kuchanga fedha, mambo yalibadilika. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mabati

Katika miaka ya 1960, wanawake wa Mkoa wa Kati walikuwa na shida ya nyasi. Nyumba za nyasi huvuja, na nyasi zake lazima zibadilishwe kila baada ya miaka michache. Zamani nyasi zilikuwa bure porini. Lakini ardhi ilipogawanywa na kila mtu akapewa shamba lake na hati yake, nyasi zikawa haba. Basi wanawake wakaanza kuchanga fedha ili kununua mabati. Leo wanaezeka nyumba ya huyu, baadaye nyumba ya yule, mpaka wote wamalize. Watu wakaviita vikundi hivyo vikundi vya mabati.

Bati lilileta jambo jingine. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati ni safi, nayo yanaweza kukingwa katika pipa au tangi. Mama aliyekuwa akibeba maji kutoka mtoni alipata nafasi ya kupumzisha mgongo. Vikundi vingi vilipomaliza mabati havikuvunjika. Viliendelea na matangi ya maji, na vingine vikanunua ng'ombe wa maziwa.

Utauliza, kwa nini wanawake hao hawakwenda benki kukopa? Benki huuliza, "Una hati ya shamba?" Hati nyingi ziliandikwa kwa jina la baba. Mama alilima shamba hilo tangu alipoolewa, lakini jina lake halikuwa katika karatasi. Katiba ya mwaka 2010 inasema mwanamke na mwanamume wana haki sawa, na ubaguzi juu ya ardhi haukubaliwi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kabla ya hapo, na hata sasa katika nyumba nyingi, dhamana ya mama ilikuwa ni wenzake.

Fedha za zamu

Sasa tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu yako.

Wanawake 20 wanakubaliana kuchanga shilingi 100 kila juma. 20 mara 100 ni 2,000. Juma la kwanza shilingi 2,000 zote anapewa mtu mmoja. Juma la pili anapewa mwingine. Wengine huita mpango huu upatu, wengine mchezo, na wengine merigoraundi. Baada ya majuma 20 kila mmoja ametoa shilingi 2,000, na kila mmoja amepokea shilingi 2,000.

Mtu atasema, "Basi faida iko wapi, ikiwa nimepata kile kile nilichotoa?" Faida ni hii. Shilingi 100 zikikaa nyumbani huisha kwa chumvi na sabuni. Shilingi 2,000 zikija kwa pamoja hununua kuku wa kufuga, au hupunguza karo inayodaiwa shuleni.

Lakini tazama vizuri. Yule aliyepokea juma la kwanza alikuwa ametoa shilingi 100 tu. Shilingi 1,900 amekopeshwa na wenzake, tena bila riba. Yule wa juma la ishirini hakukopeshwa na mtu. Yeye amewawekea wenzake akiba muda wote. Kwa hiyo zamu ya kwanza ni tamu, na zamu ya mwisho inahitaji subira. Vikundi vyenye busara hupiga kura ili kupanga zamu. Na mwenzao akipatwa na ugonjwa au msiba, humsogeza mbele.

Na kwa nini aliyepokea kwanza asiache kuchanga? Kwa sababu kisima ni kimoja, njia ya sokoni ni moja, na siku mtoto wake atakapougua usiku atagonga mlango wa wale wale. Hapo ndipo nguvu ya kikundi ilipo. Hakuna benki inayomjua mteja wake namna hiyo.

Siku hizi vikundi vingi pia hukopeshana siku ile ile ya mkutano. Fedha huwekwa mezani, zikahesabiwa mbele ya wote, kisha wanaotaka mkopo hukopa. Riba ya shilingi 10 kwa kila shilingi 100 kwa mwezi ni ya kawaida. Hapa kuna hatari, na lazima niseme wazi. Ukikopa shilingi 1,000, riba ya mwezi mmoja ni shilingi 100. Ukikaa mwaka mzima bila kulipa, riba ni 100 mara 12, yaani 1,200. Utadaiwa shilingi 2,200. Kwa maoni yangu mkopo wa namna hii unamfaa mtu anayenunua ndizi leo na kuziuza kesho kutwa. Haufai kwa harusi. Nguo ya harusi haizai shilingi ya kulipa riba.

Basi la Mraru

Hiki ni kisa cha kweli, nacho kinapendeza.

Mraru ni mahali katika nchi ya Wataita, si mbali na mji wa Voi. Wanawake wa Mraru walikuwa wakienda Voi kuuza mazao yao, kununua vitu, na kupeleka wagonjwa hospitali. Mabasi yalikuwapo. Lakini yalipofika Mraru yalikuwa yamejaa watu waliopanda mbele. Akina mama walibaki kando ya njia na vikapu vyao. Mboga zikanyauka juani.

Mwaka 1971 wakaanza kuweka akiba ili wanunue basi lao. Wazia jambo hilo! Wanawake wa kijijini, ambao mavuno yao yalitoka katika vishamba vidogo, walitaka kununua basi. Bila shaka wako waliocheka. Wao waliendelea kuchanga. Walipopata sehemu ya bei, walikopa iliyobaki. Mwaka 1975 basi likanunuliwa. Likaanza kuchukua abiria, na wanachama wakapata nafasi ya kwenda Voi na vikapu vyao. Basi lilipata fedha. Deni likalipwa, wanachama wakapata gawio, na kikundi kikaingia katika kazi ya kujenga duka na kufuga mbuzi.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Mimi naona sehemu inayofuata ndiyo yenye mafunzo zaidi. Basi huzeeka. Kila siku linapopita katika njia ya mawe, linapungua thamani kidogo, kama jembe linavyopungua kwa kulima. Ukiuza tiketi za shilingi 500 na kutumia shilingi 300 kwa mafuta, dereva na kondakta, usifikiri zile 200 zote ni faida. Sehemu yake ni ya basi lijalo. Kikundi cha Mraru hakikuwa kimeweka akiba ya kutosha kwa jambo hilo. Basi lilipochoka, bei ya basi jipya ilikuwa imepanda mno. Mafuta ya petroli yalipanda bei duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vitu vingi vikapanda pamoja nayo.

Kikundi hakikukosea kununua basi. Basi lilifanya kazi yake, na duka lilitokana na basi. Jambo lililokosekana ni mstari mmoja katika hesabu: akiba ya basi lijalo. Kama kikundi chenu kina mashine ya kusaga, tanuri la mikate, mahema ya kukodisha, au hata sufuria kubwa za sherehe, andikeni mstari huo tangu mwezi wa kwanza.

Miche iliyohesabiwa

Tarehe 5 Juni 1977, miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Profesa Wangari Maathai, na hivyo ndivyo Green Belt Movement ilivyoanza. Vikundi vya akina mama vijijini vilikusanya mbegu, vikaotesha miche, na kuipanda. Malipo yalikuwa madogo, nayo yalikuwa na sharti. Kikundi hakikulipwa kwa mche uliopandwa tu. Kililipwa kwa mche ulioshika na kuishi. Kwa hiyo ilibidi kuhesabu miche, kurudi baadaye, na kuhesabu tena ile iliyo hai. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kufikia wakati huo miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Ilipandwa na akina mama ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote cha misitu.

Siku ya msiba

Tumesema sana juu ya fedha. Lakini muulize mama yeyote kwa nini yumo katika kikundi, na mara nyingi atakutajia kwanza msiba.

Mtu akifariki, wanakikundi hufika kabla ya jua kuchomoza. Mmoja anateka maji. Wawili wanatafuta kuni. Wengine wanaazima sufuria na kupika, kwa maana wageni watakuja kutoka mbali na lazima wale. Mjane hatakiwi kufikiri juu ya unga siku hiyo. Katibu huleta rambirambi, na kiasi chake kimekwisha kuandikwa katika katiba ya kikundi, hivyo maskini na mwenye nafasi wanapata sawa. Mama akijifungua, ni vivyo hivyo. Wanakwenda na uji, sukari na nguo za mtoto, wanamfulia na kumlimia mpaka apate nguvu.

Na katika baraza la chifu, mwanamke mmoja akisimama kusema kwamba kisima kimekauka, huenda asisikilizwe. Mwenyekiti wa kikundi akisimama, na wenzake 30 wameketi nyuma yake, chifu huandika.

Daftari

Sasa turudi kwenye shilingi isiyoonekana.

Zamani, katika vikundi vingine, wanachama wengi hawakujua kusoma. Walimtafuta kijana wa shule au mume wa mmoja wao awaandikie. Yeye aliandika, akasoma kwa sauti, na wao wakatia dole gumba. Dole gumba husema, "Nilikuwapo." Halisemi, "Nimesoma." Kama mwandishi alikuwa mwaminifu, heri. Kama hakuwa mwaminifu, kikundi kilivunjika siku ya kugawana, na marafiki wa miaka kumi wakaacha kusalimiana. Fedha zilizopotea pengine zilikuwa kidogo. Lakini siku ya msiba uliofuata, hakuna aliyejua nani atateka maji.

Wewe sasa unajua kusoma. Tazama ukurasa huu. Ni wa mfano tu.

FEDHA ZILIZOINGIA
Salio la mwezi uliopita: 3,450
Michango, watu 18 × 100: 1,800
Faini za kuchelewa, watu 2 × 20: 40
Mkopo uliorudishwa 1,000 na riba 100: 1,100
Jumla: 6,390

FEDHA ZILIZOTOKA
Rambirambi: 1,000
Mkopo kwa mwanachama: 3,000
Daftari na kalamu: 90
Jumla: 4,090

SALIO: 6,390 kutoa 4,090 = 2,300

Usiogope tarakimu. Anza na mstari wa kwanza. Fungua ukurasa wa mwezi uliopita. Je, salio la mwisho lilikuwa 3,450? Kama lilikuwa 3,950, uliza. Kisha hesabu watu. Kama siku ile mlikuwa 20 na wote walichanga, kwa nini hapa wameandikwa 18? Halafu angalia kama mkopo umeandikwa jina la aliyekopa na tarehe ya kulipa. Mwisho kabisa, fungueni sanduku, mwage fedha mezani na kuzihesabu. Lazima ziwe 2,300. Zikizidi ni kosa, na zikipungua ni kosa.

Kuuliza si kumshtaki mtu. Katibu mwaminifu hufurahi daftari lake likisomwa, maana linamlinda. Vikundi vingine hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo huwa kwa mtu wake. Huo ni mpango mzuri. Lakini kufuli huzuia mwizi wa usiku. Mwizi wa kalamu huzuiwa na msomaji.

Tangu mwaka 2007 tumekuwa na M-Pesa, na vikundi vingi sasa hupokea michango kwa simu. Hapa pia kusoma ni ulinzi. Ukituma mchango, ujumbe hurudi katika simu yako. Soma jina la aliyepokea, kiasi na tarehe. Usiufute. Huo ndio risiti yako. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata mweka hazina, hata mtoto unayempenda sana anayekusaidia kubonyeza.

Kama kikundi chenu hakijaandikishwa, nendeni katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii iliyo karibu nanyi. Iko Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kiwe na katiba yake, na kiwe na viongozi waliochaguliwa. Mkishaandikishwa mnaweza kufungua akaunti kwa jina la kikundi, na mnaweza kuomba mkopo katika Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007. Fedha hizo si za bure. Lazima zirudishwe, na kabla ya kutia sahihi someni masharti yote wenyewe, mstari kwa mstari. Likiwapo neno lisiloeleweka, mleteni mwalimu wenu wa ngumbaru naye alisome pamoja nanyi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika fedha za zamu, kwa nini mtu wa mwisho ndiye anayewawekea wenzake akiba?

2. Kikundi chenu kina chombo gani kinachochakaa kwa kutumiwa? Mmetenga kiasi gani cha kununua kingine?

3. Endeleeni na ukurasa wa mfano. Mwezi uliofuata ulianza na salio la 2,300. Watu 20 walichanga shilingi 100 kila mmoja. Mkopo wa 3,000 ulirudishwa pamoja na riba ya 300. Zilitoka 4,000 za mkopo mpya na 600 za kumsaidia mama aliyejifungua. Sanduku lilipofunguliwa zilihesabiwa shilingi 2,700. Je, hesabu ni sawa? Kama si sawa, mtaangalia mstari gani kwanza?